Taa ya Behewa la Mwisho

Jumapili, 3 Machi

Mwanangu, kifungua mimba wangu, nakusalimu salamu nyingi zisizo na idadi. Mimi mama yako sijambo, ni magoti tu. Baba yako hajambo, anakusalimu akiwa na penseli sikioni, yuko kwenye ghala la mizigo anaranda mbao za nyumba mpya. Mdogo wako hajambo, jino la mbele limeng'oka na anamwonyesha pengo kila mpita njia. Shangazi yako hajambo, na mdomo wake pia haujambo. Jirani yetu mama wa mboga anakusalimu, anauliza kama unakula. Paka wa dirisha la tiketi hajambo, kazi yake ni ile ile, kulala. Babu yako, stesheni masta wetu, anakusalimu sana. Yeye nimemweka mwisho kwa sababu anasema hajambo, lakini kifua chake kinasema mengine.

Ulipoondoka uliniambia mwalimu wenu chuoni anataka kila mwanafunzi alete historia ya mahali alipozaliwa, na wewe umezaliwa hapa hapa stesheni tunapoishi. Mimi historia sijui kuiandika, shule niliiacha mapema. Nitaandika siku zinavyokwenda, na babu akisema neno nitaliweka hapo hapo. Wewe utachambua mwenyewe kama unavyochambua mchele. Mengine unayajua, lakini mwalimu wako hayajui, kwa hiyo usichoke kuyasoma. Mvua zikiisha nitampa kondakta wa basi akuletee daftari.

Halafu kuna hili. Mnara wa simu uliangushwa na upepo siku ile ile uliyosafiri, na mpaka leo hujasema kama umefika. Kondakta anasema alikushusha stendi salama salimini. Sawa, stendi. Baada ya stendi? Najua umefika, mtoto wangu si wa kupotea. Ningependa tu kusikia.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imefika, na haikubisha hodi. Ofisi ya tiketi inavuja juu ya kitanda cha babu. Nimeweka sufuria. Babu akaisogeza ili isizibe njia ya kwenda kwenye simu. Simu yenyewe imekufa tangu wewe hujaota meno.

Jumamosi, 9 Machi

Nyumba mpya kule juu mlimani imeezekwa vyumba viwili. Baba yako anasema tuhame wote kabla mvua haijashika kasi, maana boriti ya paa la hapa stesheni imeliwa na mchwa. Mimi tayari nimefunga vyombo. Shangazi yako alifunga vyake zamani, anakaa juu ya furushi kama abiria.

Babu amekataa.

"Baba," nikamwambia kwa adabu, "kule ni pakavu. Kuna dirisha kubwa, utaona reli yote kutoka juu."

"Mkwe wangu, stesheni haijafungwa. Mimi ni nani niiache wazi niende kulala mlimani?"

"Hakuna treni, Baba!"

"Iko. Imechelewa."

Akanionyesha ubao. Unaujua ubao ule. Tangu ukue umeandikwa neno moja tu, IMECHELEWA, na kila chaki ikififia yeye huipitisha tena. Kichwa kigumu kama taruma la chini ya reli. Mungu anisamehe, nimeandika na sifuti.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Neno lako halijafika.

Alhamisi, 14 Machi

Leo babu alikuwa na raha, nikamwuliza juu ya mwanzo wa stesheni. Nikaokota haya.

Zamani hapa hapakuwa na mtu. Treni za moshi zilikuwa na kiu, na katikati ya safari zilihitaji maji, ndipo wajenzi wakasimamisha tangi la chuma juu ya miguu minne. Fundi aliyeliunga alikuwa na haraka ya kwenda kuoa, akaacha pengo kwenye kiungo kimoja cha bomba. Tangi likavuja. Chini yake pakawa na dimbwi safi wakati wote wa kiangazi, wanawake wakaja kuteka, waliokuja kuteka wakakaa kupiga soga, waliokaa wakaanza kuuziana vitu, na abiria wakawa wanashuka kununua. Soko likazaliwa. Kijiji kikazaliwa. Babu anasema kila mkaguzi aliyekuja aliagiza tangi lizibwe, na kila stesheni masta alijibu "Ndiyo bwana," akatoka akaenda kunywa chai.

"Kwa hiyo sisi wote ni watoto wa bomba bovu," shangazi yako akasema.

"Wewe hasa," babu akamjibu. "Mpaka leo hujazibika."

Tulicheka mpaka mtu akaja kuchungulia. Lakini kicheko cha babu kiligeuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha. Nilimshika mgongo nikahisi mbavu zinavyogonga.

Jumatano, 20 Machi

Nimemleta muuguzi wa zahanati. Kaweka kipimo chake kifuani, kasikiliza mbele na nyuma, kanivuta nje chini ya saa ya ukutani iliyosimama.

"Mama, mapafu yana maji. Dawa nitampa, lakini dawa na chumba hiki havipatani. Mtoe kwenye unyevu. Akiendelea kulala humu, hii mvua hataimaliza."

Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Nikarudi ndani nikamwambia babu yote, sikuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mkwe. Asante kwa kumwita. Treni ikifika nitahama siku hiyo hiyo."

Nililia jikoni, halafu nikaosha uso. Kulia hakukaushi chumba. Huyu mzee atahama, na atahama akiwa hai. Nimeshaamua mimi mama yako.

Ijumaa, 22 Machi

Shangazi yako naye ana akili zake. Alimchukua muuza nyama, unamjua, yule mwenye sauti ya kusikika vijiji vitatu, akamsimamisha nyuma ya ukuta wa ofisi karibu na waya wa simu. Mimi sikujua kitu. Nilikuwa namnywesha babu uji, ghafla ukuta ukasema:

"Halo! Halo stesheni! Ile treni yenu nimeifuta! Haiji tena!"

Babu akaweka kikombe chini. Akaenda kwenye simu taratibu, akanyanyua mkono wa simu kama sheria inavyotaka.

"Nimekusikia. Ilikuwa ya abiria au ya mizigo?"

Ukuta ukakohoa. "Ya... yote!"

"Mabehewa mangapi?"

"Mabehewa sita! Sita na nusu!"

"Basi hiyo nusu nifungie na mifupa," babu akasema, akaweka mkono wa simu mahali pake.

Mdogo wako alianguka chini kwa kucheka. Hata mimi, na hofu yangu yote. Lakini babu hakucheka. Alikaa kitandani akamwambia shangazi yako, "Mwanangu, kuna watu walisafiri na treni ile. Usinichezee na watu." Shangazi akatoka nje. Niliona anajifuta macho na upindo wa khanga, halafu akasema ni moshi, na jiko halikuwa limewashwa.

Jumamosi, 23 Machi

Basi sasa nimemwuliza jambo ambalo miaka yote hii sijawahi kuliuliza vizuri, maana wote tulilizoea. Hiyo treni anaisubiri ya nini?

Mwambie mwalimu wako hivi. Reli yetu ni njia moja tu, treni mbili haziwezi kupishana. Kwa hiyo stesheni masta wa ng'ambo ya mto hawezi kuachia treni mpaka amwombe babu njia kwa simu. Babu akisema njia iko wazi, anashusha ule mkono wa chuma juu ya mlingoti kumpa dereva ruhusa, na tangu hapo treni ni amana ya watu wawili. Ikifika, babu anapiga simu anasema imefika. Asiposema, yule wa ng'ambo haruhusiwi kulala.

Siku ile ya mwisho mvua ilikuwa kama hizi. Mwenzake aliomba njia, babu akampa. Mwenzake akasema imetoka. Babu akashusha mkono, abiria wakajipanga na mizigo, muda ukapita, babu akaandika ubaoni IMECHELEWA. Kumbe mto ulikuwa umekula mguu wa daraja. Dereva aliwahi kuiona hatari akasimama, watu wakashuka wakaenda kwa miguu mpaka barabarani. Mto ukachukua na nguzo za simu. Daraja halikujengwa tena, wakubwa wakaiacha njia ife, na mabehewa yako porini mpaka leo, nyuki ndio abiria.

"Sasa Baba, kama unajua iko wapi..."

"Siulizi iko wapi. Nauliza imefika au haijafika. Niliitolea njia kwa mdomo wangu. Mwenzangu hajaniambia ameirudisha, na mimi sijamwambia imefika. Nikifunga mlango nikaondoka, hilo neno atalisema nani?"

Nimekaa miaka yote nikidhani mzee anasubiri treni. Hasubiri treni. Yeye kashika upande mmoja wa neno na mwenzake kashika upande mwingine.

Neno lako wewe pia halijafika.

Ijumaa, 29 Machi

Barabara imekatika, basi halipiti. Dari ya chumba cha kungojea imedondoka kona moja. Hakuumia mtu, paka alihama dirisha kwa mara ya kwanza.

Jumanne, 2 Aprili

Babu hakula. Ananiita kwa jina la marehemu bibi yako, halafu anaomba radhi.

Nikamkalisha nikamkumbusha ulivyozaliwa wewe, maana habari hiyo humpa nguvu. Uchungu ulinishika kwenye benchi ya chumba cha kungojea, mkunga amepanda treni stesheni ya jirani anarudi kwake, na treni inapita kwetu. Treni ya haraka, haisimami kwetu. Babu yako akachukua bendera nyekundu, akasimama katikati ya reli na suruali yake iliyopigwa pasi, akaisimamisha! Dereva akatukana matusi yote anayoyajua. Babu akamwambia, "Malizia, halafu mteremshe mkunga." Ulizaliwa ofisi ya tiketi, abiria wakashangilia madirishani. Neno IMECHELEWA babu aliliandika siku hiyo pia, kwa ajili yako.

"Ilichelewa," babu akaniambia leo, sauti ndogo, "lakini mkwe, ilifika kamili. Taa ya nyuma niliiona kwa macho yangu."

"Taa gani, Baba?"

"Behewa la mwisho hutundikwa taa nyekundu. Usipoiona taa hiyo ikipita, treni haijafika hata kama injini iko mbele yako. Huenda mabehewa yamekatika njiani na watu wamebaki gizani. Unatazama taa, ndipo unasema imefika."

Nimeiandika vizuri. Nimerudia kuisoma.

Jumatatu, 8 Aprili

Basi limepita! Linazunguka kwa barabara ya juu. Nimemwambia baba yako kesho naenda ng'ambo kumtafuta yule stesheni masta mwenzake. Akasema, "Mama watoto, na mafuriko haya? Unajua hata kama yu hai?" Nikamwambia nisiyoyajua ndiyo nayafuata. Akanichongea fimbo ya kupimia matope. Yule baba ndivyo anavyokubali.

Shangazi yako atabaki na babu. Kaapa hatamwita muuza nyama.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimerudi. Nitaandika yote.

Stesheni ya ng'ambo ni pacha wa yetu, hata ufa wa sakafu unafanana. Mlango wa chumba cha kungojea ulikuwa wazi. Barazani kakaa bibi mmoja mwembamba anapepeta maharage. Nikamwamkia, nikamwambia natoka stesheni ya upande wa pili wa mto, mimi ni mkwe wa stesheni masta.

Ungo ukasimama hewani.

"Wa yule?" akasema. "Wa yule asiyejibu?"

"Mama..."

"Usiniite mama! Mume wangu kafa mvua ya mwaka juzi, anatazama simu. Alimpa treni yenye watu, akasema mwenzangu ataniambia imefika. Nikamwambia hamia kwa mwanetu, akasema siwezi, sijajibiwa. Chumba kimemla. Na baba mkwe wako hakuwa na mdomo wa kusema neno moja!"

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi la maharage. Sikujua nilie au nicheke. Nikamwambia, "Mama, waya ulichukuliwa na mto. Wetu ameshinda hapo hapo chini ya simu miaka yote hiyo. Ana hasira na wenu kwamba hajasema ameirudisha. Mlango wetu nao haujafungwa. Na chumba kinamla sasa hivi ninavyosema na wewe."

Akateremsha ungo magotini. Halafu akasema polepole, "Wazee wapumbavu." Na machozi yakamtoka. "Wazee wapumbavu wawili, wapendwa." Akanivuta akanikumbatia, maharage yakamwagika yote, kuku wakafaidi.

Tulikunywa chai. Nikamweleza habari ya mapafu na ya taa. Aliposikia taa akainuka bila kusema, akaingia ndani, akatoka nayo. Nyekundu, mwanangu! Kioo hakina hata mkwaruzo. Mume wake aliifuata porini baada ya mafuriko kupungua, akaitoa behewa la mwisho ili wezi wasiichukue, na kila Jumamosi aliifuta. Baada yake bibi akaendelea kuifuta, kwa mazoea, anasema, kama kumfulia shati.

"Ichukue. Mwambie mume wangu alihakikisha watu wote wameshuka, alihesabu hadi mtoto wa mgongoni. Ila na mimi nina sharti. Yule akisema, unaniletea neno lake. Upesi. Mimi sina kifua cha kusubiri kama wao."

Kwenye basi niliipakata kama mtoto. Kondakta akauliza kama hiyo nayo inalipa nauli.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo mvua ilitupa nafasi asubuhi. Sikutaka kumpelekea babu taa kitandani kama dawa. Nilimwambia shangazi amwambie tu, "Baba, kuna kitu njiani." Mimi nikashuka nikaenda mbali kule kwenye kona ya reli, upande wa mto, nikaiwasha taa kwa mafuta. Nikaanza kurudi katikati ya reli, nakanyaga taruma baada ya taruma, nimeishika juu. Nilimwona ametoka. Kavaa koti lake. Shangazi yako na baba yako wamemshika huku na huku, akawaondoa mikono. Alikuwa na bendera ya kijani imekunjwa kwapani.

Watu wa soko wakaona, wakaacha mizani wakaja. Hakuna aliyecheka. Hata muuza nyama alivua kofia.

Nikapita mbele ya jukwaa lote, kama treni inavyopita, mpaka nikaelekeana naye. Nikasema alivyoniagiza yule bibi, kwamba mwenzake alihakikisha watu wote wameshuka salama, hadi mtoto wa mgongoni, na kwamba mwenzake ametangulia.

Babu aliitazama taa. Akauliza, "Alitunza kioo namna hii?"

"Kila Jumamosi, Baba."

Akanyoosha mgongo wake wote ule mgonjwa, akasema kwa sauti niliyokuwa nimeisahau:

"Treni imefika kamili. Njia iko wazi."

Akaenda kwenye mtambo wa ule mkono wa mlingoti, akavuta, ukagoma. Baba yako akaongeza mkono, wakavuta pamoja, na ule mkono wa chuma kule juu ukapanda kurudi mahali pake huku unalia kwa kutu. Halafu babu akaenda ubaoni, akafuta neno kwa mkono wa koti lake. Watoto wa soko walishangaa, hawakuwahi kuuona ubao mtupu. Akafunga mlango wa chumba cha kungojea, akanipa ufunguo mimi, si mwanawe. "Wewe ndiye uliyeipokea," akasema.

Alihama mchana ule ule. Alisema na alifanya. Kiti chake tulikibeba na yeye yumo, anatuelekeza njia kama hatuijui.

Jumapili, 14 Aprili

Neno nimelipeleka ng'ambo kwa kondakta. Babu alimfundisha alitamke vizuri, imefika kamili, akamrudisha mara mbili kwa sababu alilisema kizembe. Jioni basi liliporudi kondakta akapiga honi tangu mbali. Yule bibi kajibu kwamba amesikia, amefunga mlango, na matope yakikauka anakuja kumjulia hali mzee. Shangazi yako ameanza kufagia mlima mzima.

Jumapili, 21 Aprili

Jua. Babu kala sahani yake na ya mdogo wako. Kikohozi kipo lakini kimekuwa cha mtu, si cha jini. Muuguzi anasema ataiona mvua ijayo. Taa tumeitundika dirishani kule juu, na ufunguo uko shingoni mwangu.

Historia yako ndiyo hii, mwanangu. Ikikosa mpangilio mwambie mwalimu mama yako aliandika huku anachochea uji. Daftari nalifunga, kondakta anangoja hapo chini anapiga honi. Nimemwambia akupe mkononi mwako na si kwa mlinzi.

Wote niliowataja mwanzo wanakusalimu tena. Babu anauliza kama uliketi behewa la mwisho, nikamwambia ni basi, akasema hata hivyo. Sasa usinitumie barua ndefu, usitafute maneno mazuri. Mwambie kondakta huyu huyu, kabla hajageuza gari, neno moja tu: nimefika. Ubao ule umefutwa, sitaki nianze kuuandika mimi. Fanya upesi.

Mama yako.